Kuondoa Masizi katika Injini ya Kupulizia Mikorosho

Mazungumzo ya Bwana Shamba kwa wakulima wa Magomeni, Mtwara



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mikorosho yetu, lakini sitasema habari za kupalilia wala za kupogoa matawi. Nitasema juu ya ile injini ndogo ya petroli tunayoibeba mgongoni wakati wa kupulizia salfa, ambayo wengi wetu huiita bloa. Huenda mtu akauliza: Injini na ukulima vinahusiana nini? Jibu langu ni kwamba siku hizi mkulima wa korosho ana majembe mawili: jembe la mkono na bloa. Jembe la mkono likiwa butu, mwenyewe hulijua mara moja, maana mkono wake humwambia. Lakini bloa ikiwa butu hajui upesi, kwa sababu huendelea kunguruma kama kawaida. Basi neno langu la leo ni hili: ngurumo ya injini si nguvu yake. Injini iliyojaa masizi hupiga kelele na hula petroli, lakini salfa haifiki kileleni mwa mkorosho.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA

Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Katika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 17,000. Sababu zilikuwa nyingi: bei ndogo, watu kuhamia vijiji vipya na kuacha mashamba yao mbali, na mikorosho kuzeeka na kusongana. Lakini sababu moja kubwa ilikuwa ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu ulioonekana hapa Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1979. Wataalamu wa utafiti wa Naliendele, ambao ni jirani zetu, walifanya kazi kubwa ya kuonyesha jinsi salfa ya unga inavyozuia ugonjwa huo. Tangu hapo kupulizia kumekuwa kazi ya kila mwaka. Kazi hiyo, pamoja na miche bora na mambo mengine, iliinua zao letu, hata katika msimu wa 2017/18 nchi ikavuna zaidi ya tani 300,000.

Ubwiriunga hushambulia machipukizi, majani machanga na maua. Ua lililoshikwa sana hukauka, huwa jeusi, wala halizai. Salfa haiwezi kufufua ua lililokwisha kufa. Kazi yake ni kulilinda ua lililo zima. Kwa hiyo yapasa unga ufike kwenye kila shada la maua, la chini na la juu, tena kwa wakati wake.

Sasa fikirini habari ya bloa iliyopungukiwa na nguvu. Unga hufika nusu ya mti, kisha hurudi chini. Matawi ya chini hupata salfa kupita kiasi, na kileleni hakuna kitu. Ukungu ulioachwa kileleni huzaana, na upepo huuchukua ukausambaza katika matawi mengine na katika shamba la jirani. Mkulima ametoa fedha zake, ameamka alfajiri, amebeba mzigo mgongoni, na ifikapo Oktoba anaokota korosho chache. Ndipo husema, “Salfa ya mwaka huu ilikuwa mbovu.” Huenda salfa ilikuwa njema, na kilichokuwa kibovu ni pumzi ya mashine.

MASIZI HUTOKA WAPI?

Tazameni sufuria inayopikiwa kwa kuni. Nje yake hushika masizi, na yasipokwanguliwa huwa gamba gumu. Ndani ya injini mambo ni kama hayo.

Injini nyingi za bloa ni za mipigo miwili. Hazina mahali pa kuwekea oili peke yake kama pikipiki ya mipigo minne. Oili huchanganywa ndani ya petroli. Oili hiyo hulainisha pistoni na silinda, kisha huingia motoni pamoja na petroli. Petroli huungua vizuri, lakini oili haiungui yote. Inayobaki hukauka kwa joto na kuwa kaboni, yaani masizi magumu kama makaa. Injini za mipigo miwili zinazofungwa nyuma ya mashua zina tabia hiyo hiyo, kwa hiyo ndugu zetu wavuvi nao watapata faida katika mazungumzo haya.

Masizi hushika juu ya pistoni, ndani ya kichwa cha silinda, katika vijia vya ringi, kwenye ncha ya plagi, katika tundu la kutolea moshi, na ndani ya ekzosi. Mahali panapopunguza nguvu upesi ni hapo pawili pa mwisho. Injini ni kama mtu anayepumua: asipoweza kutoa pumzi chafu, hawezi kuvuta pumzi safi. Tundu la moshi likiwa jembamba, moshi uliokwisha kuungua hubaki ndani ya silinda, na petroli mpya haipati nafasi. Nguvu hupungua, feni huzunguka polepole, na upepo wa mashine huwa dhaifu.

Masizi yaliyo juu ya pistoni yana ubaya mwingine. Huweza kuwa mekundu kama kaa la moto, yakawasha petroli kabla ya plagi kutoa cheche. Hapo injini hugonga, hupata joto la kupita kiasi, au huendelea kuzunguka hata baada ya kuzimwa. Na ringi zikikwama katika vijia vyake, pumzi ya silinda huvuja pembeni, na kamba ya kuwashia huvutika kwa wepesi mno.

MAKOSA YANAYOLETA MASIZI

La kwanza, kutia oili nyingi. Wako wanaodhani kwamba oili ikizidi injini itadumu. Si kweli, oili iliyozidi hugeuka masizi. Lakini msiipunguze chini ya kipimo, maana oili ikipungua pistoni hukwaruza silinda na kukwama, na huo ndio mwisho wa mashine.

La pili, kutia oili isiyostahili. Oili ya gari au ya pikipiki ya mipigo minne imetengenezwa ikae ndani ya injini, siyo iungue. Ina dawa ambazo zikiungua huacha majivu. Oili iliyomwagwa kutoka katika gari ni mbaya zaidi, kwa kuwa imebeba uchafu na vipande vya chuma. Nunueni oili iliyoandikwa kwamba ni ya injini za mipigo miwili.

La tatu, kusahau chujio la hewa. Bloa hufanya kazi katikati ya wingu la salfa. Chujio likiziba, injini hukosa hewa, hula petroli nyingi kuliko inavyoweza kuchoma, na moshi huwa mweusi. Kung’utaneni chujio kila siku ya kazi. La sponji lioshwe kwa maji na sabuni, likauke kabisa kivulini kabla ya kurudishwa.

La nne, kuiacha injini ikizunguka polepole kwa muda mrefu huku wapuliziaji wanazungumza au wanajaza salfa. Moto mdogo hauchomi oili vizuri. Kazi ikisimama, zimeni.

La tano, kutumia mchanganyiko wa petroli uliolala tangu msimu uliopita. Petroli ya zamani huacha utomvu ndani ya kabureta na haiungui sawasawa. Changanyeni kiasi cha kutosha kazi ya siku chache tu.

KIPIMO CHA OILI

Kila mashine ina kipimo chake, nacho kimeandikwa katika kitabu chake au kwenye tangi lenyewe. Fuateni hicho. Vipimo vinavyoonekana mara nyingi ni viwili. Cha kwanza ni sehemu 1 ya oili kwa sehemu 25 za petroli, yaani mililita 40 za oili kwa kila lita 1 ya petroli, au mililita 200 kwa lita 5. Cha pili ni sehemu 1 kwa sehemu 50, yaani mililita 20 kwa lita 1, au mililita 100 kwa lita 5.

Msipime kwa kizibo wala kwa jicho. Nunueni bomba la sindano la mililita 10 katika duka la dawa, lisilo na sindano. Kwa lita 1 ya petroli, mabomba mawili yaliyojaa ni kipimo cha 1 kwa 50, na manne ni kipimo cha 1 kwa 25. Mchanganyiko ufanywe katika dumu safi, utikiswe vizuri, kisha ndipo umiminwe katika tangi. Bomba hilo liwekwe kwa kazi hii tu.

JINSI YA KUJUA KWAMBA MASIZI YAMEZIDI

Injini huwa ngumu kuwaka. Ikiwaka, haifiki mwendo wake wa juu hata ukifungua mafuta yote. Ekzosi hutoa oili nyeusi na kulowa. Plagi hufa mara kwa mara. Tazameni rangi ya plagi: ikiwa hudhurungi nyepesi, injini ni nzima, ikiwa nyeusi na imelowa oili, kuna oili nyingi au hewa kidogo, ikiwa nyeupe, injini inapata joto mno, na yafaa mwite fundi kabla ya kuendelea.

Liko pia jaribio moja rahisi lisilo na gharama. Mwezi wa Mei, bloa ikiwa imekwisha kusafishwa, chagueni mkorosho mmoja mrefu. Asubuhi isiyo na upepo, mtu mmoja asimame mahali palipowekwa alama na kuelekeza mrija kileleni, tangi la salfa likiwa tupu. Mwingine akae mbali na kutazama kama majani ya kileleni yanatikisika. Andikeni katika daftari. Katikati ya msimu rudieni jaribio hilo kwa mti ule ule, mahali pale pale. Ikiwa majani yaliyotikisika mwezi wa Mei sasa yametulia, mashine imepungua nguvu. Tazameni kwanza chujio la hewa, kisha mrija kama umepasuka, kisha plagi. Hivyo vikiwa vizima, fungueni ekzosi.

JINSI YA KUSAFISHA

Kazi hii yaweza kufanywa na mkulima yeyote mwenye spana, bisibisi na subira. Fuateni hatua hizi.

1. Acheni injini ipoe kabisa. Fanyeni kazi nje, mchana, mbali na moto, mbali na sigara, na mbali na mifuko ya salfa. Salfa hushika moto, na petroli zaidi. Pangusteni kwanza unga wote wa salfa ulio juu ya mashine.

2. Toeni waya wa plagi, ili injini isije ikawaka kwa bahati mbaya. Mwageni petroli katika dumu lenye kifuniko. Kisha fungueni plagi.

3. Tandikeni turubai au gunia safi, na wekeni kila skrubu katika kopo. Skrubu iliyopotea mchangani husimamisha kazi ya majuma mawili.

4. Fungueni ekzosi. Mtaona tundu la kutolea moshi ubavuni mwa silinda. Vuteni kamba ya kuwashia polepole mpaka pistoni ipande juu na ubavu wake uzibe tundu hilo. Hatua hii msiiruke, maana pistoni ndiyo inayozuia vipande vya masizi visianguke ndani ya silinda.

5. Geuzeni mashine ili tundu litazame chini. Kwanguleni masizi kwa kijiti cha mti mgumu au cha mwanzi kilichochongwa bapa. Msitumie bisibisi, kisu wala msumari. Pistoni ni ya aluminiamu, nayo ni laini. Mchubuko mmoja huwa njia ya pumzi kuvuja na mahali pa masizi mapya kushika. Kando za tundu zisiharibiwe.

6. Masizi yakiwa magumu, yapakeni mafuta ya taa kidogo kwa kitambaa, ngojeni nusu saa, kisha kwanguleni tena. Msitumie kostiki soda, ile inayotumiwa kutengenezea sabuni: hula aluminiamu na kuunguza ngozi na macho. Wala msimimine maji katika injini yenye joto kwa kudhani yatapasua masizi. Kinachoweza kupasuka ni silinda.

7. Safisheni ekzosi. Igongeni taratibu kwa kipande cha mti ili masizi yaanguke, na kwanguleni mdomo wake kwa kijiti. Kama ndani yake kuna wavu mdogo wa kuzuia cheche, upigeni brashi na kuurudisha. Msiutupe wavu huo, maana cheche inayotoka karibu na salfa na majani makavu yaweza kuteketeza shamba.

8. Plagi ipigwe brashi ya waya, ipanguswe kwa kitambaa, na nafasi ya ncha zake ipimwe. Mashine nyingi za namna hii hutaka milimita 0.6 hadi 0.7, lakini kitabu cha mashine ndicho chenye neno la mwisho. Plagi iliyolika ibadilishwe.

9. Kabla ya kurudisha plagi na ekzosi, vuteni kamba mara tano au sita, tundu likiwa bado linatazama chini, ili vumbi lililobaki litoke. Kisha fungeni kila kitu. Gasketi ya ekzosi ikiwa imeungua au imekatika, wekeni mpya.

10. Tieni petroli mpya yenye kipimo sahihi, washeni, na iacheni ipate moto kidogo kabla ya kufungua mafuta yote. Moshi mwingi wa dakika za kwanza ni ule wa mafuta ya taa yaliyobaki, utakwisha. Oshani mikono kwa sabuni kabla ya kula.

KAZI YA FUNDI

Kama baada ya hayo injini bado ni dhaifu, huenda masizi yamejaa juu ya pistoni au yamefunga ringi. Katika bloa nyingi kichwa na silinda ni kitu kimoja, kwa hiyo ni lazima silinda yote ivuliwe. Kazi hiyo mpeni fundi anayezijua injini za mipigo miwili, nanyi mkae karibu mkatazame. Mwulizeni mambo matatu. Je, ameweka gasketi mpya chini ya silinda? Je, miisho ya ringi imekaa mahali pake penye kijiti kidogo cha kuizuia isizunguke? Je, amekaza skrubu kwa kupokezana, moja huku na moja ng’ambo, kidogo kidogo? Fundi mwema hatachukia maswali hayo.

MASHINE YA WATU WENGI

Wengi wenu hamna bloa zenu wenyewe. Mwaikodi, au ni mali ya kikundi. Hapo ndipo hatari ilipo, maana chungu cha wengi hakikosi kuungua. Kila mmoja hutaka kupulizia shamba lake asubuhi ile yenye umande na isiyo na upepo, wala hakuna anayetaka kusimamisha mashine ili isafishwe. Lakini duru za salfa ya unga hufuatana kwa majuma mawili hivi. Mashine ikifa katikati, si mtu mmoja anayepoteza maua yake, ni kikundi kizima.

Kwa hiyo nawashauri kila bloa iwe na daftari lake na mtu mmoja wa kuitunza. Daftarini yaandikwe tarehe, saa ilizofanya kazi, kipimo cha oili kilichotumiwa, na siku iliposafishwa. Anayekodi mashine aonyeshwe daftari hilo, na mwenye mashine atoe oili iliyopimwa, asimwachie kila mtu aje na chupa yake. Safisheni mara tatu kwa mwaka: mwezi wa Mei kabla ya maua, mara moja katikati ya msimu, na mwisho wa msimu kabla ya kuiweka.

Mnapoiweka, mwageni petroli yote, kisha washeni injini mpaka izimike yenyewe, ili kabureta ibaki kavu. Tieni matone machache ya oili safi katika tundu la plagi, vuteni kamba mara mbili, rudisheni plagi. Ifungeni katika gunia safi na iwekeni juu ya kichanja, mbali na mifuko ya salfa. Hapa kwetu pwani upepo wa bahari una chumvi, na chuma kilichoachwa wazi hakiponi.

NENO LA MWISHO

Ndugu zangu, kazi niliyoieleza yahitaji asubuhi moja, kijiti cha mwanzi, spana, na gasketi kama ya zamani imeharibika. Kuiacha hugharimu maua ya kileleni, ambayo hayarudi mpaka mwaka mwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwezi wa Mei mwaka huu, kabla hamjaulizana habari za salfa itafika lini, fungueni ekzosi mkatazame ndani. Mkiona tundu limekuwa dogo kama la sindano, mtajua ni wapi korosho zenu za mwaka jana zilikwama.

Aliye na bloa nyumbani na ailete kesho asubuhi, ikiwa imemwagwa petroli, tufungue pamoja mmoja baada ya mwingine.